Kiti cha Pweza: Amekufa au Kimekufa?

"Masalkheri, mjomba. Kiti cha pweza amekufa, au kimekufa?"

Swali hilo lilinikuta Ijumaa jioni nimekaa barazani Kibokoni, kikombe cha kahawa tungu mkononi, sina hili wala lile. Mpwa wangu yuko Gredi ya Sita na alikuwa na insha ya kuwasilisha Jumatatu, kuhusu viumbe wa pwani. Ndani ya kopo la mafuta ya kupikia alikuwa amemleta mhusika mwenyewe: mikono mitano, nundu nyekundu mgongoni, mkavu kama kaki, na ananuka.

Nikamjibu upesi, kama wakubwa tufanyavyo tunapotaka kurudi kwenye kahawa yetu. "Kimekufa. Kiti, cha, ki. Ngeli ya KI-VI."

"Lakini ni mnyama," akasema. "Kipepeo naye aanza na ki, na kiboko pia, na twasema kipepeo ameruka, kiboko amezama. Sasa huyu mbona awe fanicha?"

Kahawa ikapoa. Mtoto alikuwa amegusa jambo lililowakosesha usingizi wataalamu wa Ulaya kwa zaidi ya karne moja: ni nani hasa astahiliye kuitwa mnyama, na ukishamkubali, utamketisha na nani? Si ajabu kwamba biolojia ikiandikwa kwa Kiswahili huazima neno lilelile la sarufi, ngeli, kwa mojawapo ya ngazi zake za kuainisha viumbe. Nikamwambia aweke kalamu kwanza. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, kwa hiyo kesho ilikuwa bamvua na maji yangekupwa mbali.

Chini ya Ngome

Bamvua ya Mombasa si mchezo. Tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hukaribia mita 4, na kufikia saa nne unusu asubuhi mwamba wote ulio chini ya Ngome, hiyo Fort Jesus ya wageni, ulikuwa umeanikwa juani. Tulishuka na ndoo moja na kandambili za mpira. Sharti letu lilikuwa moja: ukigeuza jiwe, ulirudishe lilivyokuwa, maana upande wa chini ndio wenye wenyewe.

Wa kwanza tuliyempata hakufanana na mnyama hata kidogo. Ni utando mwekundu ulioganda jiweni, laini ukiuminya, una vitundu kama vya vibibi. Mtoto alisema ni kuvu. La, ni sponji. Hana mdomo, hana tumbo, hana neva wala damu. Mwili wake ni matundu tu: maji huingia kwa vitundu vidogo na kutoka kwa tundu kubwa, naye huchuja chakula kilichomo. Vitabu humweka katika faila, yaani kundi kuu la viumbe, ya porifera, wenye matundu. Tukamfunika na jiwe lake, tukaendelea.

Jiwe lenyewe lilikuwa na habari kubwa kuliko aliyekuwa chini yake. Nilimwonyesha mpwa wangu sehemu iliyovunjika karibuni, akaona nyota ndogondogo zimepangana kama nakshi za kofia ya vito. Kila nyota ilikuwa nyumba ya mtu. Polipu wa tumbawe ni mfuko mdogo wa nyama wenye mdomo mmoja juu, umezungukwa na minyiri yenye seli za sumu kama visindano. Hana mlango wa pili: kinachoingia na kinachotoka hupita palepale. Ndani ya nyama yake hupangisha mwani wa chembe moja unaompikia chakula kwa mwanga wa jua na kumpa rangi, na chini yake hutaga chokaa, tabaka juu ya tabaka, maisha yake yote. Yeye na yavuyavu ni ndugu wa faila moja, nidaria. Mchukue polipu, mpindue juu chini, mwachie aelee, umepata kiwiliwili cha yavuyavu, na ndiyo maana wote wawili huwasha.

Mwamba huu wa Mvita, yaani Mombasa, ulijengwa hivyo. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa, na hapa tunapoegesha tuktuk palikuwa na miamba hai ya matumbawe. Maji yaliposhuka, mifupa ikabaki. Wareno walipoanza Ngome mwaka 1593, kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, walichonga misingi humohumo mwambani, na kuta wakazipandisha kwa mawe ya aina hiyohiyo. Nilimwambia mpwa wangu aweke kiganja ukutani. Akaondoa haraka, kama aliyeambiwa ameshika kaburi.

Sasa tazama lugha. Tumbawe, matumbawe: LI-YA, ngeli moja na jiwe, jani na jembe. Hakuna Mswahili asemaye "tumbawe amekufa." Lakini vua tumbawe jekundu la mbali, ulisugue, ulitoboe utie uzi, papo hapo unapata neno jingine, marijani, na marijani ni kito, na Marijani pia ni mwanaume wa watu, anakwenda kazini na kuoa. Kundi moja la wanyama limekuwa kwetu jiwe la ukuta, pambo la shingoni na jina la mtoto. Kitu pekee ambacho halikupata kuwa ni mnyama.

Tusijilaumu sana. Mwaka 1706 msomi wa Kiitalia Luigi Marsigli aliweka matawi ya marijani ndani ya chombo cha maji ya bahari, akaona yamechanua "maua" meupe, akatangaza kwamba ni mmea. Miaka ya 1720 daktari wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, aliyatazama maua hayo kwa makini zaidi na kuona kwamba ni wanyama wadogo wanaonyoosha na kukunja minyiri. Wakubwa wa akademia ya Paris walicheka. Réaumur, aliyeiwasilisha habari hiyo kwa wenzake, aliona heri alifiche jina la mwenye wazo asije akaaibika. Ilibidi Peyssonnel angoje karibu miaka thelathini hadi maandiko yake yaliposomwa London. Kwa hiyo ukisikia mwalimu anamkemea mtoto kwa kusema tumbawe ni jiwe, mkumbushe kwamba Paris nzima ilikataa kuamini kinyume.

Chokaa, tambuu na deheni

Mji wa Kale ulitumia matumbawe kwa njia mbili. Lile gumu la nchi kavu, la mwamba wa zamani, lilivunjwa vipande likajengewa kuta nene. Lile laini lilikatwa baharini likiwa bichi na kuchongwa kabla halijakauka, maana likikauka patasi hulia. Ndilo lililochongewa vibla vya misikiti ya kale ya pwani na zidaka za kuwekea sahani za kaure. Juu ya kuta zikalazwa boriti za mikoko, ambazo mchwa huzichukia, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vya zamani vikawa virefu na vyembamba, upana usiofika mita 3. Mti ndio ulioamua mtu alale wapi.

Vipande vilivyosalia vilikwenda tanurini. Magogo hupangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa, na majivu meupe yakaachwa yanyeshewe kwa miezi mpaka yalainike. Hiyo ndiyo chokaa ya lipu, ya kupaka nyumba ikang'aa, na pia ile ya kupaka jani la tambuu pamoja na popoo. Bibi zetu walitafuna matumbawe na kutema wekundu wake barazani.

Chokaa ilikuwa na kazi ya tatu, ambayo naiona ya werevu kupita zote. Jahazi lililalapo pwani hushambuliwa na kiumbe anayetoboa mbao chini ya maji na kuacha ubao umekuwa kama sega la nyuki. Watu humwita mdudu, na wengine mnyoo, kwa kuwa ana mwili mrefu laini mithili ya uzi. Si mdudu wala mnyoo. Ni moluska, binamu wa chaza, ila vile vigamba viwili ambavyo chaza hujifungia ndani, yeye amevifanya vidogo sana akaviweka mbele kama keekee la seremala. Mafundi wa vyombo walijilinda kwa deheni, chokaa iliyokorogwa na mafuta ya wanyama na kupakwa chini ya jahazi. Mnyama mmoja wa baharini alichomwa moto ili amzuie mwingine asile merikebu.

Ushahidi wa uharibifu wake uko palepale mbele ya Ngome. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira Mombasa, meli ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama chini ya kuta. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Sehemu ya meli iliyofunikwa na tope ilikuwa ingali mbao. Iliyobaki wazi ilikuwa imekwisha kuliwa zamani.

Wasio Wamvita

Adhuhuri tulipanda hadi soko la samaki, karibu na Bandari ya Kale. Hapo kuna uainishaji wa namna nyingine kabisa. Kwa mchuuzi, kila kitokacho majini ni samaki: changu, nguru, pweza, ngisi, kamba. Ukimuuliza kama pweza ni samaki atakutazama kama aliyeulizwa kama chai ni maji.

Masheikh nao wana mizani yao. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, wamemjadili kaa kwa karne nyingi kwa hoja kwamba huishi nchi kavu na majini pia, na mwenye makao mawili ana hukumu yake. Ndiyo sababu kuna nyumba Mji wa Kale ambazo kamba hupikwa kila wiki na kaa hakanyagi jikoni. Mwanabiolojia atakwambia kaa na kamba ni ndugu wa karibu, wote wa miguu kumi. Sheikh hakukanusha hilo. Yeye aliuliza swali jingine, anaishi wapi, na jibu lake ni sahihi: kaa wa mikokoni hupumua kwa matamvua kama samaki, lakini akiyahifadhi yakiwa na unyevu aweza kutembea nchi kavu kwa saa nyingi.

Vitabu vya shule huanza kwa mgawanyo wa kwanza: wenye uti wa mgongo na wasio nao. Mimi mgawanyo huo siupendi. Ni kama kuwagawa watu wa dunia kuwa Wamvita na wasio Wamvita. Mtu wa Lamu, wa Kampala na wa Beijing wote waingia kapu moja, na sababu ni kitu wasichokuwa nacho. Zaidi ya asilimia 95 ya spishi za wanyama ziko ndani ya kapu hilo la "wasio". Wanyama wana faila zaidi ya thelathini, na sisi wenye uti, papa, chura, kunguru na mwanadamu kwa pamoja, hatujai hata moja: ile tuliyomo twashiriki na mifuko fulani ya nyama iliyogandama chini ya magati, isiyo na uti.

Msweden Carl Linnaeus, alipopanga wanyama wote mwaka 1735, aliwapa mafungu sita. Manne yalikuwa ya wenye uti. Waliosalia aliwagawa mara mbili: wadudu, na minyoo. Kwa wadudu alimtia kaa, nge na buibui. Kwa minyoo akatupa kila kilichobaki, konokono, kiti cha pweza, ngisi, yavuyavu. Ukifikiri sana, ndivyo tusemavyo hadi leo mtaani. Mdudu kwetu ni nzi, ni tandu, ni nge, na hata ugonjwa usiotajwa jina. Mnyoo ni kila kirefu kilaini, ingawa tegu aliye bapa kama utepe, chango aliye mviringo laini na nyungunyungu mwenye pingili mwili mzima wako katika faila tatu tofauti na hawakaribiani hata kidogo. Minyoo tumeijua zaidi kwa inavyotutenda: safura, kichocho, matende. Lugha imetaja maradhi, mnyama akabaki nyuma ya pazia.

Aliyelifumua kapu la Linnaeus ni Mfaransa Lamarck. Mwaka 1793 alipewa kiti cha kufundisha "wadudu na minyoo" huko Paris, kazi ambayo hakuna mkubwa aliyeitaka. Ndiye aliyebuni jina la wanyama wasio na uti, akachapisha kitabu chao mwaka 1801, akawatoa kaa na buibui katika wadudu na kuwapa nyumba zao. Buibui ana miguu minane, hana vipapasio, na kichwa na kifua chake vimeungana. Mdudu wa kweli ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Kaa ana miguu kumi ukihesabu na magando. Wanachoshiriki ni joho: mifupa yao iko nje, mwili umefunikwa na gamba lenye viungo, na wakitaka kukua hawana budi kulivua na kukaa laini kwa muda, wamejificha, mpaka jipya ligume. Mombasa buibui pia ni vazi jeusi la mama zetu, na sikosi kufikiri kwamba aliyelipa jina alikuwa amekaa mahali akimtazama yule wa ukutani.

Pale sokoni mpwa wangu alijifunza jambo moja la manufaa kuliko yote haya. Mpindue kaa. Tumboni pana kifuniko: kikiwa chembamba chenye ncha ni dume, kikiwa kipana cha mviringo ni jike, na huko ndiko hubeba mayai. Mchuuzi alimfundisha bila hata kuacha kupiga bei.

Konokono aliyehama nyumba

Pweza alikuwa amelazwa juu ya saruji, minyiri minane imetanda, na rangi zake zilikuwa bado zabadilika kidogo ngozini. Huyu ndiye anayenishangaza kuliko wote, kwa sababu ukoo wake ni wa konokono. Moluska wote wana mwili laini usio na pingili, wana mguu mmoja wa nyama na joho la ngozi linalotengeneza gamba. Konokono aliubakiza mguu wa kutambalia na nyumba ya kubeba. Chaza alipoteza kichwa akajifungia ndani ya milango miwili. Ngisi alimeza gamba lake, likabaki kama kipande cha plastiki ndani ya mwili. Pweza akaitupa nyumba kabisa, mguu akaugeuza minyiri, na badala ya ngome akajipa akili. Ana mioyo mitatu. Damu yake ni ya buluu kwa kuwa hubeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu. Sehemu kubwa ya seli zake za neva ziko katika minyiri, si kichwani, hivyo kila mnyiri hujifanyia mambo mengine bila ya kungoja amri. Mwilini mwake hakuna kitu kigumu isipokuwa mdomo ulio kama wa kasuku, na kwa hiyo tundu lolote mdomo unamopita, pweza mzima hupita.

Jioni, penye mabakuli ya moto barabarani, utamkuta yuyo huyo amekatwa vipande ndani ya supu, na wateja wengi ni wanaume wasiotazamana machoni. Wanatarajia jongoo apande mtungi. Mimi nainywa kwa sababu ni tamu, na hilo liandikwe.

Magamba ya jamaa zake yameingia katika maisha yetu mpaka tumesahau yalikotoka. Kombe ni gamba la chaza. Kombe pia ni sahani ya maandishi matukufu yanayooshwa kwa maji mgonjwa akanywa, na Kombe la Dunia ni hilohilo linalotufanya tusilale kila miaka minne. Kete ni kauri ndogo, na neno hilohilo ndilo tunaloitia mbegu za kuchezea bao. Kauri zenyewe zilikuwa fedha: kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walisomba shehena za kauri kutoka pwani yetu kupitia Unguja hadi Afrika Magharibi, ambako zilitumika sokoni. Walizimwaga nyingi mno, thamani ikaporomoka, ugonjwa ambao magavana wa benki kuu wangali wanauogopa.

Majirani wa nchi kavu

Wa nchi kavu nitawapitia wawili tu. Wa kwanza ni mbu mwenye miguu ya madoadoa, anayeuma mchana na kutaga katika maji safi. Mji wetu una shida ya maji, kila nyumba ina pipa na mtungi, naye hana haja ya kinamasi. Mwaka 2013 alitusambazia dengi, na mwishoni mwa 2017 hadi 2018 akaja na chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde, lina maana ya kukunjamana, na lilitokana na mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika. Aliyewahi kuugua anajua kwamba Wamakonde hawakutia chumvi.

Wa pili ni jongoo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi mwaka 1954, hupata chokaa yake kwa kuchimba matumbawe ya kale, ardhi ileile ya mwamba wetu, kwa hiyo hata nyumba zetu mpya za ghorofa zimejengwa na polipu. Machimbo yaliachwa jangwa jeupe. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda mivinje humo, nayo ikamea, lakini majani yake yalirundikana bila kuoza. Akaleta majongoo wenye miguu myekundu. Wakatafuna, wakanya, na kinyesi chao kikawa udongo uliokuja kubeba msitu mzima, hiyo Haller Park ya leo. Jongoo ana jozi mbili za miguu katika kila pingili, tandu ana moja, na tofauti hiyo ni muhimu usiku unapokanyaga kitu gizani: jongoo hula majani, tandu ana sumu.

Jongoo bahari, yule anayekaushwa na kupelekwa China, si jongoo. Hana miguu ya namna hiyo wala pingili. Yeye ni ndugu wa kiti cha pweza, na hapo ndipo tuliporudi kwenye kopo.

Kiti cha pweza hana kichwa, hana mbele wala nyuma, hana damu. Mwili umepangwa kwa tano. Chini ya kila mkono kuna mamia ya miguu midogo kama mipira ya kuvutia hewa, na inaendeshwa kwa maji ya bahari anayoyaingiza kwa kichujio kilicho mgongoni, mfano wa mabomba ya nyumbani. Akikutana na chaza humvuta milango polepole hadi upenyo upatikane, kisha hulitoa tumbo lake nje na kulisukuma ndani ya gamba, akamla chaza nyumbani kwake. Akikatwa mkono huota mwingine. Na katika mimba, yai lake linavyojikunja mwanzo kabisa hufuata utaratibu uleule wa yai la mwanadamu, usio wa kaa, wala wa jongoo, wala wa pweza anayedaiwa kumkalia. Kwa nasaba, ukiacha ile mifuko ya chini ya magati, aliye karibu nasi zaidi katika soko zima la wasio na uti ni huyu tuliyemwita kiti, pamoja na jamaa zake.

Mpwa wangu alisikiliza, akafunga kopo. Akauliza kuhusu matumbawe tena. Nikamweleza mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi: polipu waliufukuza ule mwani, wakawa weupe, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya yakafa, hata ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986. Niligundua kwamba nimesema "polipu waliufukuza" na "matumbawe yakafa" katika pumzi moja. Naye aligundua.

Insha ilirudi Jumatano. Kwenye "kiti cha pweza amekufa" mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu na kuandika juu yake "kimekufa". Ukurasa wa pili, sentensi ya mwisho, mtoto alikuwa ameandika: "Matumbawe wamejenga mji wetu." Mstari mwingine, "yamejenga", na alama mbili zikakatwa.

Kisarufi, mwalimu hana kosa.